LAMU NA VITABU VYAKE: NANI ANAYEVIPIMA?

Wazee wetu wa Amu walipotaja "chuo" hawakuwa na maana ya mahali pa kusomea tu. Walikuwa na maana ya kitabu chenyewe. Ndiyo sababu alimu akaitwa mwanachuoni, mtu aliyelelewa na vitabu. Mji uliokiita kitabu na madrasa kwa jina moja hauna haja ya kufundishwa thamani ya kusoma. Lakini kusoma ni jambo moja, na kukipima ulichokisoma ni jambo la pili. Hilo la pili ndilo linalonitia mashaka, ndugu wasomaji, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Katika miaka hii ya karibuni Lamu na pwani yake zimeandikwa sana. Mwaka 2019 Yvonne Adhiambo Owuor alitoa riwaya ya Kiingereza, "The Dragonfly Sea", ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa Pate. Mwaka 2022 riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi", kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Mwaka 2023 wachapaji Brill wa Leiden, Uholanzi, walitoa kitabu kikubwa cha mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa Lamu, kilichotayarishwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha nazo zimepigwa picha kwa msaada wa maktaba ya taifa ya Uingereza, na mtu aliye London aweza kuzifungua akiwa amekaa kitini mwake.

Haya yote ni mambo ya kushukuriwa. Lakini ukiuliza vitabu hivi vimesemwa nini, utaletewa maandishi ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Ukiuliza vimesemwa nini Mkomani na Langoni, au Faza na Siyu, utapata maneno ya barazani, mazuri sana pengine, lakini yanayokwisha pamoja na kahawa. Mimi hupenda kutafuta maandishi ya watu wa nyumbani juu ya vitabu vya nyumbani, na niyapatayo ni machache mno. Sisi twaandikwa, twasomwa na twahukumiwa, na hukumu hutolewa sisi tusipokuwapo.

DESTURI YETU YA ZAMANI

Haikuwa hivi tangu hapo. Visiwa hivi vilikuwa na vitabu vya kila namna. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, nao ni kisa cha vita. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni mawaidha ya mtu aliyeyatazama magofu ya Pate akaiambia nafsi yake ukweli. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimwandikia bintiye wasia mwaka 1858. Siyu yenyewe ilisifika kwa waandishi wa misahafu, na misahafu yao hata leo hutambulikana kwa nakshi zake. Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, na nakala alizowaandikia Wazungu zimehifadhiwa London na Ujerumani.

Tazama basi: vita, mawaidha, wasia, Kitabu Kitukufu, ngoma na harusi, vyote katika visiwa vichache ambavyo waweza kuvizunguka kwa mashua. Hakuna aliyesema kwamba mtu wa fiqhi asisikilize utendi, au kwamba mtu wa utendi asijue falaki.

Wala kupima si jambo la kuletewa na wageni. Chukua Safina, matini ambayo watoto wengi wa pwani yetu wameianzia fiqhi. Aliyeitunga ni Salim bin Sumayr, mtu wa Hadhramaut. Aliyeifanyia sherehe mashuhuri ni Sheikh Nawawi wa Banten, mtu wa kisiwa cha Java aliyeishi Makka. Nasema sherehe kwa maana yake ya kale, ufafanuzi wa kitabu, kabla neno hili halijahamia kwenye karamu. Huyu aliandika, yule akafafanua, akafungua palipofungwa, akaongeza palipopungua. Na mwalimu wako wa darsa, alipoandika hashiya pembeni mwa ukurasa, alikuwa wa tatu katika mazungumzo hayo hayo. Sasa hilo kama si uhakiki wa vitabu, ni nini?

Wanavyuoni walikwenda mbali zaidi. Katika elimu ya hadithi waliweka fani nzima ya kuwapima wapokezi: al-jarhu wa-t-taadil, kutia dosari na kuthibitisha uadilifu. Mtu hakusifiwa kwa kuwa ni jamaa, wala hakuangushwa kwa kuwa ni hasimu. Kila hukumu ilitakiwa iwe na sababu, na kila sababu iwe na ushahidi.

Kulikuwa vile vile na takrizi, yale maneno ya sifa ambayo sheikh huombwa ayaandike ili yatiwe mwanzoni au mwishoni mwa kitabu cha mwenzake. Takrizi si kitu kibaya. Ni adabu na ni tabaruku. Lakini naogopa kwamba katika magazeti yetu na katika hafla zetu za kuzindua vitabu tumebakiwa na takrizi peke yake. Kila kitabu "kimesheheni", kila mshairi ni "malenga mtajika", na kila mgeni rasmi hukisifu kitabu ambacho bado hajakifungua. Ile mizani ya pili tumeiacha msikitini, tukasahau kuwa hata sokoni ina kazi.

KILA KITU NA MIZANI YAKE

Mimi ni msomaji wa vitabu mchanganyiko, na watu wengine hunicheka. Huniona na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy asubuhi na kitabu cha upelelezi jioni. Lakini kusoma hivi kumenifunza jambo moja: kila aina ya kitabu ina kipimo chake. Sonara hapimi dhahabu kwa mizani ya mkaa, na muuza mkaa hana haja na mizani ya sonara.

"Sambo ya Kiwandeo" ya Ahmad Sheikh Nabhany, iliyotoka mwaka 1979, ni shairi juu ya kuunda chombo. Marehemu Nabhany, aliyetutoka mwaka 2017, alitaka majina ya mbao, ya kamba na ya kazi yasipotee. Kitabu kama hiki hukipimi kwa vina na mizani ya shairi tu. Mpe fundi wa Matondoni akusikilize ukimsomea, na umwulize: je, kwa maneno haya chombo kitaelea? Akisema ndiyo, kitabu kimefaulu.

"Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammad Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, haitaki mizani hiyo. Bwana Msa na kiko chake hawakuja kutufundisha uhunzi wala fiqhi. Swali la kitabu cha upelelezi ni moja: je, mwandishi amecheza haki na msomaji, au ameificha alama na kuitoa mfukoni mwishoni? Mimi naona amecheza haki, na Kiswahili chake kina ladha ambayo vijana wengi wanaoandika leo wangefaidika nayo.

Kitabu cha Sheikh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, kilichotoka Mombasa mwaka 1972, kina mizani ya tatu. Hiki ni tarehe. Hapa twauliza: nani alisoma kwa nani, nani kasema, na nani ameachwa nje? Mzee wa Lamu ambaye babu yake alikuwa katika darsa zile ana haki ya kusema, bali ana wajibu, kwa sababu akiondoka yeye hatabaki wa kusahihisha.

Nakuja kwenye "Peponi". Yusuf ni kijana mzuri wa sura anayetolewa na babaye kwa tajiri kwa sababu ya deni. Bibi wa nyumba anamtamani, na kanzu inararuka kwa nyuma. Msomaji wa ugenini huhitaji kuelezwa kisa hiki kimetoka wapi. Mtoto wa madrasa ya Faza hana haja, kwani Sura Yusuf ameihifadhi. Lakini yeye atauliza swali zito zaidi: Nabii Yusuf alitoka gerezani akapewa hazina za Misri, Yusuf wa Gurnah anaishia wapi, na kwa nini mwandishi amemnyima faraja ile? Swali hilo lina thamani sawa na kurasa nyingi za maprofesa, na sisi ndio tunaofaa kuliuliza.

Kuhusu mashairi ya Ustadh Mau, kipimo changu ni sikio. "Wasiya wa Mabanati" ya miaka ya 1970 ilienea kwa kanda za kaseti, na "Kimwondo" ilizaliwa katika joto la uchaguzi wa mwaka 1975. Tenzi hizi zilikwenda kwa sauti kabla ya kwenda kwa wino. Kitabu cha Leiden kimezihifadhi kwa uangalifu, kwa Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza, na kwa mwenye intaneti hakina bei. Lakini ukurasa hauna sauti. Ningependa mtu wa Lamu aliyezisikia enzi zile atuandikie nini kimehifadhiwa na nini kimebaki katika kanda.

"JE, RIWAYA SI UWONGO?"

Najua yuko msomaji atakayesema: bwana, umri ni mfupi na elimu yenye manufaa ni nyingi, mambo ya riwaya ni uwongo na upuuzi. Neno hili silidharau, kwa kuwa yako maandishi ambayo ni upuuzi kweli, na mzazi ana haki ya kuchunguza kinachoingia nyumbani mwake. Lakini Makamat za al-Hariri ni visa vya kubuni, na wanafunzi wa Kiarabu wamezisoma karne kwa karne ili wapate lugha na werevu. Walijua kwamba mfano si uwongo, maadamu msemaji na msikilizaji wote wanajua kuwa ni mfano. Zaidi ya hayo, mzazi atachunguzaje asichokisoma? Kupiga marufuku ni rahisi. Kusema "kitabu hiki kina jema hili na baya hili" kwataka kazi, na kazi hiyo ndiyo inayomlea kijana.

KITABU CHA HATARI KULIKO RIWAYA

Tena kuna aina moja ya kitabu ambayo hatuihesabu kuwa kitabu, nayo ndiyo inayoamua maisha yetu. Nayo ni ripoti. Lamu ya leo ni mji wa ripoti. Bandari mpya ya Manda Bay, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilitanguliwa na makaratasi. Mji wa Kale, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, nao una makaratasi yake. Na ule mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe ulipewa leseni kwa nguvu ya ripoti ya mazingira.

Tukumbuke yaliyotokea. Watu wa Lamu waliipinga leseni ile, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Kesi za Mazingira likaifuta. Moja ya sababu kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa lugha ya makala haya, kitabu kiliandikwa juu yao bila ya wao kupata nafasi ya haki ya kukisoma na kukihakiki. Hiyo ni hashiya iliyoandikwa mahakamani, na ilikuwa na nguvu kuliko matini.

Ndiyo maana nasema kuwa uhakiki si anasa ya watu wa fasihi. Anayejizoeza kuuliza juu ya utendi, "Nani kasema? Ushahidi uko wapi? Kipi kimeachwa?" hatashindwa kuyauliza maswali hayo hayo ripoti itakapoletwa mezani. Na mji usiozoea kuuliza utatia sahihi.

TUFANYE NINI?

Sipendi kulalamika bila ya kupendekeza. Baraza tunazo, na usiku baada ya Isha ni mrefu. Na tuchague kitabu kimoja kwa mwezi, mwezi huu tarehe, mwezi ujao riwaya, wa tatu ripoti ya serikali, na asiyejua Kiingereza asomewe na anayejua. Akina mama wasiachwe nje, maana nchi ya Mwana Kupona haiwezi kudai kwamba kitabu ni jambo la wanaume. Tena, na hili ndilo kubwa, mmoja awe mwandishi. Kurasa mbili zatosha: mwandishi alikusudia nini, amefika au hakufika, na sisi tulio hapa tunasemaje. Kurasa hizo ziletwe magazetini, na nakala zibaki maktabani.

Aliyesifiwa asifiwe kwa sababu, na aliyekosolewa akosolewe kwa adabu na ushahidi. Mcheza kwao hutuzwa, lakini mtu hatuzwi na watu waliolala. Wageni wamekwisha kufungua vyuo vyetu na wanasoma. Shime, nasi tufungue, tuseme, na tuandike.