TV haikutoroka ligi yetu, tuliifukuza

Kuna uongo unazunguka Nakuru kila wikendi, kutoka vibanda vya mpira vya Kaptembwo mpaka Free Area: ati ligi ya Kenya haina pesa ya TV kwa sababu mpira wetu ni mbovu. Wasee, hiyo stori imenichosha. Leo wacha tuongee pesa.

Kwanza tuelewane TV inanunua nini. Wengi wanadhani inanunua chenga na mabao. Inanunua ratiba. Inataka kujua Jumamosi saa tisa nani anacheza na nani, uwanja upi, mechi ngapi kwa msimu, na kwamba hakuna mwingine ataonyesha hiyo mechi. Ikiwa na uhakika huo ndipo inauza dikoda, inauza matangazo, na inalipa watu wa kamera. Mimi chuo niliachia njiani, sasa nakula kwa sababu ya macho ya watu kwa simu, na hata mimi najua hii kitu: ukiahidi video kila Ijumaa halafu upotee wiki tatu, mwenye tangazo naye anapotea.

Sasa angalieni vile tumefanya.

SuperSport ilikaa na ligi yetu karibu miaka 10. Ikaondoka Aprili 2017. Si kwa sababu Gor na Ingwe walisahau kucheza. Kampuni ya ligi ilitaka timu 16, FKF ikataka 18, wakavutana mpaka mahakama ya michezo, na ligi ikapanuliwa mkataba ukiwa bado unaendelea. Mnunuzi akasema hiki sicho nilichonunua, akafunga virago.

2020 ikaja StarTimes: miaka 7, milioni 110 kwa mwaka. Haikumaliza hata nusu ya hiyo miaka. Mwaka huo huo BetKing wakaingia kama wadhamini kwa miaka 5, bilioni 1.2. Wakatoka baada ya msimu mmoja. Novemba 2021 serikali ikavunja FKF, Februari 2022 FIFA ikatufungia, tukafunguliwa Novemba. Niambieni ukweli: ungekuwa na kituo cha TV, ungeweka pesa yako hapo?

Halafu vuka mpaka. Mei 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Hizo kwa bei ya wakati ule zilipita kidogo bilioni 10 zetu. Miaka miwili baadaye Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. 2025 Simba nao wakafika. Sisemi ni TV peke yake iliwafikisha, matajiri wao pia wamemwaga pesa. Lakini timu inayojua mwezi ujao inapata nini inaweza kupanga. Isiyojua inapitisha kofia.

Najua wengine mtaniambia Azam wana timu yao kwa hiyo ligi, kwa hivyo kuna mgongano. Ni kweli, na mnunuzi mmoja akishika kila kitu si jambo la kupuuza. Lakini hao hao Azam walikuja kwetu 2023 na mkataba wa miaka 7. Walitoka kwao wakatuona tuna thamani. Mbovu si mpira. Mbovu ni neno letu tukishasaini.

Na hasara hii haibaki Nairobi. Ligi ya kwanza kabisa ya taifa, 1963, ilichukuliwa na Nakuru AllStars. Timu ya hapa! Ligi kuu ilishuka 2015. Ulinzi Stars, mabingwa mara nne, walikuwa wakichezea Afraha, sasa nyumbani kwao ni Lang'ata. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini kijana wa Rhonda mwenye kipaji bado lazima apande matatu ya Nairobi ndiyo aonekane.

Kericho ni mbaya zaidi. Zoo walipanda ligi kuu 2017, mwaka ule ule SuperSport iliondoka. 2021 FIFA ikawashusha daraja kwa kupanga matokeo. Siwatetei, kuuza mechi ni kuuza shabiki. Lakini kwa ligi ambayo mishahara inachelewa, mwenye bahasha hana kazi ngumu. Pesa safi ikikosa kufika, ile chafu inajua njia.

Kwa hivyo nataka vitu vitatu, na sitaki hotuba.

Moja: kila mkataba wa TV uwekwe wazi. Ni bei gani, ni ya miaka mingapi, kila timu inapata ngapi. Haki za mechi si siri ya ofisi.

Mbili: mgao uandikwe kwa kanuni. Uingereza, tangu Premier League ianze 1992, pesa ya TV ya ndani hugawanywa hivi: nusu sawa kwa wote, robo kwa nafasi ya kumaliza, robo kwa idadi ya mechi zako zilizoonyeshwa. Wa mwisho naye anakula. Kanuni kama hiyo tunaweza kuandika kwa karatasi moja.

Tatu: idadi ya timu na ratiba visiguswe katikati ya mkataba. Unataka timu 18? Ngoja mkataba uishe, uuze upya.

Na wewe shabiki wa Arsenal unayelipia kila mechi halafu unasema Afraha hapana kitu: pesa yako inajenga London kwa sababu London walitimiza walichosaini. Siku kiongozi wa soka akija kuomba kura za vilabu vya hapa Nakuru, muulize swali moja tu: mkataba uko wapi tuusome?

Akianza kuzunguka, ushapata jibu.