Mtwara: Kutembea kwenda kazini kusiachiwe hiari ya mfanyakazi pekee

DESEMBA mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa ajili hiyo. Lengo lilikuwa kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, yakiwamo kisukari na shinikizo la damu.

Agizo hilo lilikuwa jema. Hata hivyo, afya haijengwi kwa siku moja ya mwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Mfanyakazi anayetembea kwa haraka robo saa kwenda kazini na robo saa kurudi, siku tano kwa wiki, tayari amezitimiza bila kulipa hata senti.

Je, jambo hili linawezekana Mtwara? Kwa wanaoishi na kufanya kazi katikati ya mji, ndiyo. Anayetoka Mikindani au Naliendele, takriban kilomita 10, anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi yake na kumalizia kwa miguu.

Kinachokwamisha si uvivu pekee. Mji huu ulipangwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga, uliovunjwa mwaka 1951. Urithi wake ni barabara pana na majengo yaliyotawanyika, hivyo mwenda kwa miguu hutembea muda mrefu juani. Ofisi nyingi za umma hufungwa saa 9:30 alasiri, jua likiwa bado kali. Mtumishi anayefika na shati lililolowa jasho, mahali pasipo na bafu, kesho yake atapanda bodaboda.

Aidha, imejengeka dhana kwamba kutembea ni dalili ya ufukara. Walinzi, wafanya usafi na vibarua wamekuwa wakitembea miaka yote kwa kukosa nauli. Hao hawahitaji kuhamasishwa. Wanahitaji njia salama, kwani hupishana na pikipiki na malori pembezoni mwa barabara.

Ndiyo maana wito wa kutembea, ukitolewa na bosi anayeshuka garini mlangoni mwa ofisi, hautasikilizwa. Waajiri waanze kwa kuweka bafu na mahali pa kubadilishia nguo, na wakuu wa idara waonekane wakitembea. Nayo Manispaa ya Mtwara-Mikindani ijenge njia za waenda kwa miguu na kupanda miti ya kivuli kandokando yake.

Yakifanyika hayo, atanufaika ofisa aliyeamua kuacha gari nyumbani, na atanufaika zaidi mlinzi ambaye hakuwahi kuwa na gari la kuacha.