Zulia Lililolowa Ndani ya Motokaa ya Kale



Wazee walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma hili twataka kulitumia neno hilo kwa jambo ambalo wenye motokaa hulidharau, yaani zulia lililolowa chini ya miguu ya dereva.

Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na Toyota Land Cruiser za namba 40 zilitengenezwa Japani tangu 1960 hata 1984. Mwenye motokaa ya umri huo ana mali ya kutunzwa. Lakini mipira yake ya ndani huzeeka, na kinachovuja huishia kwenye zulia.

Kwanza, ujue kilichomwagika. Yakiwa maji ya mvua, huna la kuhisi vidoleni ila ubaridi. Yakiwa maji ya rejeta, huwa na harufu tamutamu, hunata, na mara nyingi kioo cha mbele huingia ukungu. Yametoka katika chombo cha kupashia joto, ambacho watu wa milima ya Masisi hukipenda asubuhi za baridi. Yakiwa mafuta ya breki, ambazo huku kwetu twaziita freni, huteleza vidoleni na kubabua rangi ya chuma. Hayo hutoka katika pampu kuu, yakafuata fimbo ya kikanyagio hata chini. Pampu ya klachi nayo huvuja hivyo hivyo.

Usionje kamwe! Dawa itiwayo katika maji ya rejeta mara nyingi ni etilini glikoli, nayo ni sumu. Utamu wake huwavuta watoto na mbwa, kisha huharibu figo. Mtoto akinywa hata kidogo, apelekwe hospitali mara moja, ajapoonekana mzima.

Pili, mtengeneze fundi mahali panapovuja kabla hujafua. Kisha ondoa waya wa betri, fungua viti, utoe zulia nje. Gandamiza vitambaa vikavu vinywe. Usisugue, maana kusugua hueneza. Jaribu pembeni kwa kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni, uone kama rangi yatoka. Mafuta ya kawaida ya breki na maji ya rejeta huyeyuka katika maji: sabuni na maji ya vuguvugu yatosha, ukirudia mara tatu au nne. Usitumie petroli, huacha mvuke wa kuwaka moto ndani ya motokaa. Zulia lenye mgongo wa katani usililoweshe mno, lisije likanywea. Pamba iliyo chini yake, ikiisha kunywa mafuta, itupwe, ikawekwe nyingine. Bati la sakafu lioshwe, likaushwe, lipakwe rangi, ama kutu italila. Maji machafu yasimwagwe kijitoni wanapoteka wengine.

Lakini nataka kusema neno zito zaidi. Motokaa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Ikivuja pamoja, zote zimekwisha. Wako madereva ambao, mafuta yakipungua, hujaza maji ya sabuni au mafuta ya injini. Mafuta ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu. Mafuta mapya ya breki, yale ya DOT 3, hayachemki kabla ya digrii 205. Maji huchemka kwa 100, na juu milimani hata chini ya hapo. Fikirini basi mteremko wa kutoka Masisi kushuka Sake, gari limejaa magunia, na juu ya magunia wameketi akina mama na watoto. Breki zapata moto, maji yageuka mvuke, dereva akanyaga, na kikanyagio chazama bure.

Amri ya Tano yasema, Usiue. Haimhusu mwenye panga tu. Ajuaye kwamba breki zavuja, akafunika kwa zulia safi, akapakia watu, atajibu mbele ya Mungu. Medali ya Mtakatifu Kristoforo si badala ya fundi.

Nasi tusio na motokaa tuna la kujifunza. Yuko Mkristu aendaye kwenye kitubio kila mwezi, akafua zulia la roho yake, lakini nafasi ya dhambi haiachi: pombe ile ile, rafiki yule yule, njia ile ile ya usiku. Baada ya siku chache zulia limelowa tena. Kusudi thabiti la kutorudia ndilo fundi anayeziba palipo tundu.

Basi, mwenye motokaa, kesho kabla ya safari inua zulia, upapase chini yake. Kukiwa na majimaji usiyoyajua, abiria wako na wangoje.