Ridhaa Haiishii kwenye Sahihi

Septemba 2015 serikali ya shirikisho ya Marekani ilitoa rasimu ya kurekebisha kanuni za kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, kanuni zilizokuwa zikitumika tangu 1991. Vyuo vikuu vya utafiti vya huko havikunyamaza. Viliisoma rasimu kifungu kwa kifungu na kuandika maoni, na miungano yao ikafanya vivyo hivyo. Maoni yaliyopokelewa yalizidi 2,100. Pendekezo la kudai ridhaa kwa karibu kila sampuli ya mwili wa binadamu, hata isiyo na jina la mtu, lilipingwa sana. Kanuni zilipotangazwa Januari 2017, halikuwemo. Watafiti wa historia simulizi nao, waliolalamika kwa miaka mingi kwamba kazi yao inapimwa kwa mizani ya hospitali, walitolewa chini ya kanuni hizo. Waliosema walisikilizwa.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kanuni husafiri na fedha. Utafiti unaolipiwa na idara za serikali ya Marekani hufuata kanuni hizo hata unapofanyika Masisi au Walikale. Na anayeshika kinasa sauti huko mara nyingi si profesa aliyeomba fedha. Ni mwanafunzi kama mimi au wewe, aliyeajiriwa kwa wiki chache kwa sababu anajua Kihunde au Kinyanga, na kukabidhiwa fomu ambayo hakuulizwa lolote wakati wa kuiandika.

Katika kanuni za sasa kuna kifungu kinachotugusa moja kwa moja. Kinaruhusu sahihi isidaiwe pale ambapo jamii haina desturi ya kutia sahihi kwenye fomu, mradi hatari ya utafiti iwe ndogo na iwepo njia nyingine ifaayo ya kuweka kumbukumbu kwamba mtu amekubali. Kingine kinaruhusu vivyo hivyo pale ambapo fomu ya ridhaa ndiyo kitu pekee kinachoweza kumfichua mhusika, na kufichuliwa huko ndiko hatari yake kubwa. Ni vifungu vizuri. Lakini hiyo njia nyingine ni ipi? Kanuni hazisemi. Hilo ni swali la watu wa lugha, yaani letu.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Vitabuni tunasema utafiti. Vijijini utasikia zaidi “ankete”, kutoka Kifaransa, na neno hilo hilo hutumika kwa askari anayetafuta mhalifu na kwa shirika linalohesabu wakimbizi. Ukimwambia mama aliyehama mara tatu kwamba umekuja kwa ankete na ungependa kuandika jina lake, anaweza kuelewa kwamba ataandikwa ili apate msaada, au kwamba atashtakiwa. Akikubali kwa tumaini la unga au kwa hofu, fomu itakuwa na alama ya kidole chake, lakini ridhaa haitakuwemo.

Kisha kuna karatasi yenyewe. Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa M23, na Machi mji wa Walikale nao ukachukuliwa, kisha wakaondoka baada ya majuma machache. Mahali ambapo mamlaka hubadilika hivyo, orodha ya majina iliyo mfukoni mwa mtafiti inaweza kusomwa kizuizini na mtu ambaye hakukusudiwa kuisoma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: kamati ya maadili iliyo ng'ambo huona sahihi kama kinga, kumbe hapa inaweza kuwa ndiyo hatari.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba majina yote yafichwe. Utendi wa Mwindo ulisimuliwa na Candi Rureke, Mnyanga, mwaka 1956, kwa siku kumi na mbili. Kitabu kilipotoka 1969, jalada lilibeba majina ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu, na ndani yake jina la msimulizi limehifadhiwa. Kama angeandikwa “mtoa habari namba 7”, tungekuwa tumempokonya kazi yake. Shahidi wa vita huenda akahitaji kufichwa. Fundi wa masimulizi huenda akahitaji kutajwa. Fomu moja haiwezi kuwafaa wote wawili. Inabidi kuuliza, kwa lugha ambayo mtu anaweza kukataa nayo bila woga.

Najua baadhi ya walimu wetu watasema: kanuni za Marekani zijibiwe na Wamarekani. Nakubali kwamba hatupaswi kungoja Washington itufundishe heshima. Lakini kanuni hizo hizo zinatambua kwamba taratibu za nchi nyingine zinaweza kutumika badala yake, zikionekana kutoa ulinzi usiopungua. Mlango huo haumfai asiye na utaratibu ulioandikwa, na kitivo chetu hakina hata ukurasa mmoja.

Basi napendekeza tuuandike. Useme namna ya kuomba ridhaa kwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kiswahili chetu. Namna ya kurekodi kibali kwa sauti na mahali pa kuihifadhi. Lini jina litajwe na nani aamue. Na kwamba msaidizi wa hapa naye ana haki ya kutajwa katika kazi iliyochapishwa. Semina moja ya shahada ya kwanza inaweza kutoa rasimu, na walimu wakaisahihisha.

Na rasimu nyingine ikitoka Washington, tutume maoni yetu. Mwaka 2015 muda wa maoni ulikuwa miezi mitatu, ukaongezwa siku thelathini, na mlango huo haukufungwa kwa wasio raia. Tukiwa na ukurasa wetu, tutakuwa na la kuambatanisha.