Cote si Unabii: Kusoma Orodha ya The Open Kabla ya Royal Birkdale

Mwezi wa saba mwaka 2026, The Open itarudi Royal Birkdale, kando ya mji wa Southport, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza. Ni mashindano ya gofu yaliyoanza mwaka 1860, ya kale kuliko makuu mengine matatu, na huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Orodha za cote hutoka miezi mingi kabla. Scottie Scheffler wa Marekani anakaa juu, Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini anamfuata, kisha majina yanashuka hadi kwa watu ambao hata mpenzi wa gofu hawezi kuwatambua njiani.

Najua msomaji wa jarida hili anajiuliza gofu imefuata nini katika kitivo cha lugha. Kwa wengi wetu Golf ni jina la mtaa wa Lubumbashi kabla ya kuwa jina la mchezo. Lakini orodha ya cote ni matini, tena matini inayosomwa na wanafunzi kwa makini kuliko riwaya nyingi za programu yetu. Kila mwisho wa juma kuponi za mpira zinapita mkono hadi mkono mpaka ndani ya oditwari, na pesa inayowekwa humo mara nyingine ni ile ya kodi ya chumba. Hoja yangu ni kwamba matini hiyo inasomwa vibaya, na kwamba gofu ya pwani inauonyesha ubaya huo wazi kuliko mpira.

Tuanze na maandishi yenyewe. Mwingereza huandika 5/1. Maana yake: weka falanga elfu moja, ukishinda utapata elfu tano za faida pamoja na ile elfu yako. Kuponi zetu, kama za Ufaransa, huandika jambo hilo hilo 6.00, kwa sababu zinahesabu jumla inayorudi mkononi, dau likiwa ndani. Mmarekani huandika +500, yaani dola 500 za faida kwa kila dola 100. Maandishi matatu, maana moja. Nimewahi kuona zoezi la tafsiri ambamo 5/1 ya gazeti la London iligeuzwa kuwa 5.00, na hakuna darasani aliyeshtuka. Mfasiri alikuwa amemnyang'anya mtu sehemu ya sita ya malipo yake.

Hata jina linatugawa. Tanzania na Kenya husema odds kama Waingereza, sisi husema cote kama Wafaransa. Wapo wanaopendekeza neno «uwezekano», na hapo ndipo ninapokataa. Cote ni bei. Bei ina muuzaji, na muuzaji hutaka faida. Chukua sarafu inayorushwa hewani: kila upande una nusu ya nafasi, kwa hiyo bei ya haki ni 2.00. Kampuni itakupa 1.90 kwa kila upande. Gawanya moja kwa 1.90, utapata karibu 52.6 kwa mia; jumlisha pande mbili, utapata 105. Ile tano iliyozidi ndiyo mshahara wa duka. Sarafu ina pande mbili tu. The Open ina wachezaji 156, na kila jina limenyofolewa kidogo. Ukijumlisha orodha nzima unakuta imepita mia kwa mbali sana. Anayeita namba hizo uwezekano anasema kwamba jumla ya mambo yanayoweza kutokea ni zaidi ya mambo yote. Mwalimu wa mantiki angemrudisha nyumbani.

Jambo la pili ni nani anasema na nani. Muuzaji huangalia wanunuzi wake. Mwaka 2019 The Open ilikwenda Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, kwa mara ya kwanza tangu 1951. McIlroy ni mtoto wa nchi hiyo. Akiwa kijana wa miaka 16 alikuwa amecheza 61 kwenye uwanja huo huo. Pesa ya nyumbani ilimiminika juu ya jina lake, naye akawekwa wa kwanza katika orodha. Pigo lake la kwanza kabisa lilitoka nje ya mipaka. Shimo la kwanza alilimaliza kwa mapigo 8, siku aliimaliza kwa 79, na Ijumaa, pamoja na kucheza vizuri sana, alikosa kuendelea kwa pigo moja. Kombe lilichukuliwa na Shane Lowry, kwa tofauti ya mapigo sita. Ile cote ya McIlroy ilikuwa imebeba mapenzi ya watu, na mapenzi hayapunguzi mapigo.

Mwaka huu mapenzi hayo yatakuwa na jina lingine: Tommy Fleetwood. Amezaliwa Southport. Mwingereza wa mwisho kushinda The Open ni Nick Faldo, mwaka 1992, na hiyo ilikuwa Scotland. Wa mwisho kuishinda kwenye ardhi ya Uingereza yenyewe ni Tony Jacklin, mwaka 1969. Fikirieni basi uzito wa pesa itakayowekwa na watu wa mji ule, na wa nchi ile, juu ya mtu mmoja mwenye nywele ndefu anayependwa na kila mtu. Ni mchezaji mkubwa: alikuwa wa pili nyuma ya Lowry mwaka 2019, na Agosti 2025 alishinda Tour Championship, ushindi wake wa kwanza katika ziara kuu ya Marekani baada ya kungoja miaka mingi. Lakini The Open ilipokuja mjini kwake mwaka 2017 alianza kwa 76. Bei yake itakuwa fupi kuliko nafasi yake, na hilo halitakuwa kosa la Fleetwood.

Wapo watakaonijibu kwamba soko linajua. Maelfu ya watu wanaweka pesa, makosa ya mmoja yanafutwa na mwingine, kinachobaki ni ukweli. Hoja hiyo ina nguvu. Mwaka 2025, Portrush tena, orodha ilimweka Scheffler juu kwa bei ya karibu 5/1, naye akashinda kwa 17 chini ya kiwango cha uwanja, mapigo manne mbele ya Harris English. Orodha ilisema, na ikawa. Lakini miaka miwili kabla, pale Hoylake, Brian Harman alikuwa na bei inayozidi 100/1, mtu mfupi, wa mkono wa kushoto, asiyepiga mbali, na alishinda kwa tofauti ya sita. Na mwaka 2003 Ben Curtis alifika Royal St George's akiwa wa 396 duniani, katika mashindano makuu ya kwanza ya maisha yake, akarudi na kombe.

Kwa nini hapo hasa? Kwa sababu ya ardhi na upepo. Links ni neno la kale la Kiingereza la vilima na matuta. Ni ardhi ya mchanga kati ya bahari na mashamba, ambayo haikufaa kulimwa. Miti ni michache. Udongo ni mgumu, mpira ukianguka huendelea kukimbia, na mara nyingi hukimbilia usikotaka. Pale Royal St George's njia zake zina mabonde na vinundu, kiasi kwamba pigo zuri linaweza kutupwa kwenye nyasi ndefu na pigo baya likarudishwa katikati. Royal Birkdale si hivyo. Njia zake hupita chini, karibu tambarare, katikati ya matuta marefu ya mchanga, na wachezaji wengi huusifu kuwa uwanja wa haki. Tazama waliowahi kushinda pale: Peter Thomson mara mbili, Arnold Palmer, Lee Trevino, Johnny Miller, Tom Watson, Ian Baker-Finch, Mark O'Meara, Padraig Harrington, Jordan Spieth. Hakuna Ben Curtis katika orodha hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuwadharau wakubwa wa orodha achague uwanja mwingine, Birkdale huwaheshimu.

Upepo ni habari nyingine. Mwaka 2008 Harrington alishinda pale kwa mapigo 283, matatu juu ya kiwango cha uwanja. Mwaka 2017 Spieth alishinda kwa 268, kumi na mawili chini yake. Uwanja ule ule, kiwango kile kile cha 70, tofauti ya mapigo 15. Mwaka ule wa upepo, Greg Norman, mwenye miaka 53, ndiye aliyeongoza baada ya siku tatu. Mwaka wa utulivu, Branden Grace wa Afrika Kusini alicheza 62, alama ambayo hakuna mwanaume aliyekuwa ameifikia katika mashindano makuu. Hata bingwa wa mabingwa hakupona hewa ya pwani: mwaka 2002 Tiger Woods alifika Muirfield akiwa ameshashinda makuu mawili ya mwaka huo, dhoruba ikamkuta Jumamosi, akacheza 81.

Sasa ongeza ratiba. Katika The Open wote huanzia shimo la kwanza, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia alfajiri hadi alasiri. Aliyeanza asubuhi Alhamisi huanza mchana Ijumaa, na kinyume chake. Nusu ya wachezaji wanaweza kukutana na bahari iliyolala, nusu nyingine na bahari iliyoamka, na hakuna kipaji kinachofidia hayo. Saa za kuanza hutangazwa siku chache tu kabla ya mchezo. Mtu anayenunua bei leo ananunua sentensi ambayo kitenzi chake bado hakijaandikwa.

Baada ya hayo nitoe hukumu yangu, maana makala ya maoni isiyo na maoni ni karatasi iliyopotea. Scheffler nampa 15 kwa mia, kwa hiyo 5/1 ni ghali kidogo. Kutetea kombe ni kazi ngumu; wa mwisho kufanya hivyo ni Harrington, na alifanya hapo hapo Birkdale. Tiger mwenyewe, katika mara zaidi ya ishirini, ameshinda The Open mara tatu tu, ingawa zote tatu ziliangukia ndani ya miaka saba. McIlroy nampa nane kwa mia. Alishinda Hoylake mwaka 2014, pwani ile ile, na Birkdale mwaka 2017 alimaliza katika nafasi ya nne pamoja na mwenzake. Lakini pesa ya mapenzi itaishusha bei yake chini ya 11/1, na hapo mimi simo. Xander Schauffele ndiye ninayemwona anauzwa rahisi: bingwa wa Troon mwaka 2024, wa pili pamoja na wengine Carnoustie mwaka 2018, mtu asiyekasirika. Nampa tano kwa mia. Chochote juu ya 19/1 ni haki yake. Jon Rahm ni karibu naye. Fleetwood nampa tatu na nusu, yaani karibu 28/1, na sidhani kama kuna duka Uingereza litakalothubutu kuandika hivyo.

Chini ya hao kuna dau ambalo Waingereza hupenda: nusu ya pesa kwa ushindi, nusu kwa kumaliza katika nafasi za juu, tano au zaidi kulingana na duka, kwa sehemu ya nne au ya tano ya bei. Hapo soma maandishi madogo. Wachezaji watatu wakigawana nafasi ya mwisho inayolipwa, wewe unalipwa kwa theluthi tu ya dau lako la nafasi, na katika gofu kugawana nafasi ni jambo la kila juma. Pamoja na hayo, ndipo ninapomtazama Justin Rose. Mwaka 1998, pale Birkdale, akiwa na miaka 17 na bila malipo, alimaliza wa nne kwa kuutia mpira kutoka nje ya shimo la mwisho, na kelele zile bado zinasimuliwa. Mwaka 2024 alikuwa wa pili Troon, na Aprili 2025 McIlroy alimshinda Augusta kwa shimo moja la nyongeza tu. Julai atakuwa na miaka 45, akikaribia 46. Kushinda nampa moja na nusu kwa mia. Kumaliza juu, nampa zaidi ya wengi wanavyofikiri, hasa akianza Alhamisi asubuhi na bahari ikiwa imelala. Na hilo tutalijua Jumatano jioni, si kabla.