Tovuti Yako Ina Miaka Mingapi, Dada?

Leo tunawaandikia kutoka Murongo, Kyerwa, mpakani kabisa. Tukivuka Mto Kagera tuko Kikagati, Uganda. Tunashona mabuibui na magauni ya maharusi, na wateja wetu wanatoka pande zote mbili za mto.

Mafundi wa kompyuta hutuambia tovuti ijengwe upya kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Hesabu hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Yetu ilikuwa na miaka miwili tu ilipotutia aibu.

Bibi harusi mmoja alituruhusu tuweke picha yake akiwa amepambwa. Baada ya ndoa akabadili mawazo, akatuomba kwa upole tuitoe. Ni haki yake. Tukashindwa! Neno la siri alikuwa nalo aliyetujengea, hata jina la tovuti lilisajiliwa kwake, na simu yake haipatikani. Wiki tatu picha ikakaa pale, mpaka tulipompata kupitia ndugu yake. Kila tukikutana na yule dada sokoni tuliinamisha macho.

Ndipo tulipojua kwamba tovuti haizeeki kwa miaka peke yake. Imekwisha siku ile unaposhindwa kuibadilisha. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini kwetu Waislamu, hata kabla ya sheria, picha ya mwanamke ni amana.

Sisi washonaji tunalielewa jambo hili. Gauni likibana hukimbilii kununua kitambaa kipya. Unafumua mshono, unatoa nafasi uliyoiacha ndani. Bei mpya, namba mpya ya simu, picha ya kutoa: hayo ni ya kufumua tu, usikubali kutozwa pesa ya gauni zima.

Kata kitambaa kipya pale tovuti isiposomeka vizuri kwenye simu, au simu inapomwonya mteja kuwa si salama. Kata pia kama imejengwa kwa kitu kilichoachwa. Tovuti zilizotegemea Flash zilikuwa na mapambo mengi, lakini Adobe walipoiacha mwishoni mwa 2020 mapambo yale yakazimika. Na kata bila kusita kama ufunguo wake hauko mkononi mwako.

Kabla hujalipa, hakikisha jina limesajiliwa kwako, neno la siri unalo, na nakala za picha unazo nyumbani. Kisha kila mwaka kabla ya Ramadhani, maana baada ya Idi harusi ni nyingi, ifungue kwa simu yako uipitie kama mteja.

Basi jiulize, dada: bibi harusi akikuomba leo uitoe picha yake, utaweza kabla ya Magharibi? Kama huwezi, usihesabu miaka. Anza upya, na Mwenyezi Mungu atutilie baraka katika biashara zetu. Amin.