Mwenye Kikapu Naye ni Mvuvi

Neno mvuvi halina jinsia, lakini wengi wetu tukilisikia tunamwona mwanamume, mashua na nyavu. Katika pwani ya Pasifiki ya Kolombia, kuanzia Buenaventura hadi Tumaco, picha hiyo inawaumiza watu. Huko wanawake wenye asili ya Kiafrika huingia mikokoni maji yakipwa, wakapekua tope kwa mikono kutafuta kombe waitwao piangua. Huwasha moshi kufukuza wadudu, na vidole vyao hukutana na samaki wenye miiba ya sumu. Wakirudi, huambiwa kuwa "wanasaidia" familia. Je, anasaidia vipi ambaye chakula cha siku kimetoka kikapuni mwake?

Kisheria, Kolombia imepiga hatua. Sheria Na. 70 ya 1993 ilizitambua jamii za watu weusi kuwa wamiliki wa pamoja wa ardhi zao kando ya mito ya Pasifiki. Amri Na. 1745 ya 1995 ikaeleza muundo wa mabaraza ya jamii: mkutano mkuu, na kamati inayochaguliwa kila miaka mitatu. Lakini umiliki huo haujumuishi mali ya matumizi ya umma, na ardhi ya kupwa na kujaa ni mali ya umma. Shamba lina hati; tope la mwokota kombe halina.

Wapo watakaosema kuwa mlango wa baraza uko wazi, wanawake waingie wenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu. Mkutano ukiitishwa wakati wa maji kupwa, mwanamke atachagua kati ya kura na chakula. Mlango unaofunguliwa saa asiyoweza kupita ni sawa na uliofungwa.

Tazama pia kanuni ya ukubwa: piangua asiyefika sentimita 5 arudishwe topeni. Ni kanuni nzuri, kwani kombe wachanga wakiisha, hakuna kesho. Lakini wa kwanza kubeba hasara yake ni mwokotaji. Mchuuzi anayenunua wadogo na kuwavusha hadi Ekuado naye aulizwe.

Kwa hiyo viti viwili vya heshima kamatini havitoshi. Waokotaji waandikishwe kama wavuvi, ratiba ya mikutano ifuate maji, na hakuna uamuzi kuhusu mikoko upitishwe bila wao. Anayelijua tope kwa mikono yake asiwe wa mwisho kuulizwa habari zake.